Kulinda Fedha za Wazee na Wanyonge katika Huduma za Benki: Mazingatio kutoka Msata

Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi



Mada ya mazungumzo haya ni ulinzi wa fedha za watu ambao, kwa sababu ya umri, maradhi, ulemavu, kutojua kusoma au umbali wa makazi yao, hawawezi kupata huduma ya benki bila ya kusaidiwa na mtu mwingine. Watu hao si wachache, na kila mwananchi atakayejaaliwa maisha marefu atakuwa mmoja wao. Makusudio ni kueleza namna fedha zao zinavyopotea, sababu ya kupotea kwake, na hatua ambazo mabenki, watumishi wa umma, jamaa na wenyewe wenye fedha wanapaswa kuzichukua.

Mfano mkuu utakaotumika ni wa Msata, katika Halmashauri ya Chalinze, Mkoa wa Pwani. Huenda baadhi ya wananchi wa Visiwani wakauliza kwa nini mfano utafutwe ng'ambo. Msata haiko mbali. Bagamoyo inatazamana na Unguja kuvuka mkondo wa bahari, na kutoka Bagamoyo barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 64 inaelekea magharibi, ikipita Kiwangwa penye mashamba ya mananasi, hadi Msata, ambako inakutana na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, Tanga na Arusha. Aidha, Benki Kuu ya Tanzania ndiyo inayosimamia mabenki ya pande zote mbili za Muungano. Kwa hiyo yanayomfika mteja wa Msata yanamhusu pia mteja wa Makunduchi na wa Micheweni.

Ipo sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Wilaya ya Bagamoyo, ambamo Halmashauri ya Chalinze yenye Msata ilianzishwa mwaka 2015, ni moja ya wilaya tatu za mwanzo nchini ambako malipo ya fedha taslimu kwa kaya maskini yalifanyiwa majaribio. Historia ya majaribio hayo ina mafunzo mengi kwa Visiwa, ambako Serikali inawalipa wazee wote waliofikia umri uliowekwa.

FEDHA ZILIPOFIKA VIJIJINI

Mnamo Januari 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, unaojulikana zaidi kwa jina la TASAF, ulianza kuzilipa kaya maskini katika vijiji vilivyochaguliwa vya wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Kaya zilizolengwa zilikuwa zile zenye wazee na zenye watoto. Kila baada ya miezi miwili kaya ilipokea kiasi kilichokuwa sawa na dola za Marekani kati ya 12 na 36, kwa kutegemea idadi ya watu wanaostahili. Masharti yake yalikuwa kwamba watoto wahudhurie shule na kliniki, na wazee wafike kituo cha afya kupimwa. Kutokana na majaribio hayo ulizaliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanza kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2012, Bara na Zanzibar.

Kwa upande wa Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianzisha Pencheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza umri wa miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye yakapandishwa hadi shilingi 50,000. Mkulima wa karafuu, mvuvi, mwanamke aliyelea watoto maisha yake yote bila ya kupata mshahara, wote waliingia katika daftari moja na mtumishi mstaafu.

Katika mwanzo wa mipango hii malipo yalifanyika hadharani. Wazee walikusanyika chini ya mti, katika ofisi ya kijiji au skuli, majina yakaitwa, na fedha zikahesabiwa mkononi mbele ya kamati. Utaratibu huo ulikuwa na uzito wake. Mzee aliamka alfajiri, alitembea au alibebwa kwa pikipiki, alikaa juani saa nyingi, na kila mtu alijua kiasi alichorudi nacho nyumbani. Hata hivyo, ulikuwa na faida moja isiyotajwa sana: mzee mwenyewe alizishika fedha zake, na watu walishuhudia.

Siku hizi malipo mengi yanapita katika akaunti za benki na simu za mkononi. Safari imepungua na gharama ya kusafirisha fedha taslimu imepungua, na hayo ni maendeleo ya kushukuriwa. Lakini jambo moja limebadilika bila ya kutangazwa. Zamani fedha za mzee ziliweza kuibiwa baada ya kufika mkononi mwake. Sasa zinaweza kuibiwa kabla ya yeye kujua kwamba zimefika. Ujumbe unaingia katika simu asiyoweza kuisoma, au katika laini iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, na fedha hutolewa kwa wakala njia panda bila ya kamati, bila ya mashahidi na bila ya mwenyewe.

NAMNA FEDHA ZINAVYOPOTEA

Njia za upotevu ni nyingi, lakini zilizo kubwa ni nne.

Ya kwanza ni msaidizi wa karibu. Uchukuliwe mfano wa bibi mwenye umri wa miaka 76, mkazi wa kitongoji kilicho mbali na barabara, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho. Kadi yake ya benki anayo mtoto wa ndugu yake, kwa kuwa ndiye mwenye pikipiki. Namba ya siri anaijua yeye pia, kwa kuwa bibi hawezi kubonyeza mashine. Mwezi wa kwanza kijana huleta fedha zote pamoja na risiti. Mwezi wa tatu huleta pungufu na kusema makato yamepanda. Mwezi wa sita husema malipo yamechelewa. Bibi hana njia ya kujua ukweli. Na hata akishuku, hasemi, kwa sababu kijana huyo ndiye anayemletea maji na dawa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ugumu wa jambo hili ni kwamba nguo hiyo hiyo ndiyo inayomsitiri.

Ya pili ni mkopeshaji anayeshika kadi. Mikopo ya namna hii wananchi wameipa majina yanayoeleza hali yake: mikopo umiza na kausha damu. Mstaafu, mwalimu au mjane anayehitaji fedha za matibabu kwa haraka humwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri kama rehani. Siku pencheni au mshahara unapoingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kwenye mashine, anakata anachodai na kumrudishia mwenyewe kilichobaki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayotumika huko Msata, inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, nayo Benki Kuu imeelekeza kwamba riba ya wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo, mkopo wa shilingi 100,000 huzaa riba ya shilingi 3,500 kwa mwezi mmoja. Mkopeshaji wa mitaani anayetaka arudishiwe shilingi 130,000 mwisho wa mwezi anachukua shilingi 30,000, zaidi ya mara nane ya kiwango hicho, na bado kadi anayo yeye. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya simu bila ya kibali chake. Hivyo uovu huu haupo kwenye vibanda tu. Umeingia hata ndani ya simu.

Ya tatu ni tapeli asiyeonekana. Takriban kila mwenye simu nchini amewahi kupokea ujumbe unaosema ile fedha itumwe kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Ujumbe huo hutumwa kwa maelfu ya watu kwa kubahatisha, kwa matarajio kwamba mmoja wao siku hiyo atakuwa na ahadi ya kumtumia mtu fedha. Wengine hupiga simu wakijidai ni maofisa wa benki, wa kampuni ya simu au wa mfuko wa pencheni, na kumwambia mzee kwamba malipo yake yatafungwa asipotaja namba ya siri. Mtu mwenye wasiwasi wa kukosa pencheni hutaja haraka.

Ya nne ni mitego ya upatu wa piramidi, ambapo watu wa mwanzo hulipwa kwa fedha za watu wa mwisho. Kampuni ya DECI ilikusanya fedha za wananchi wengi kwa jina la kupanda na kuvuna, hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi wake wanne. Walioumia zaidi katika mitego hiyo ni wale walioingia na akiba yao yote: mafao ya kustaafu, fedha za mirathi, bei ya shamba au ya ng'ombe. Kijana anaweza kuanza upya. Mzee wa miaka 70 aliyepoteza mafao yake hana muda wa kuyakusanya tena.

KIINI CHA TATIZO

Mara nyingi mzee anapoibiwa huambiwa kwamba alifanya uzembe kwa kumpa mtu namba yake ya siri. Kauli hiyo si ya haki, wala haiondoi tatizo. Mzee hakutoa namba ya siri kwa ujinga. Aliitoa kwa sababu hakuna aliyemfungulia mlango mwingine wa kusaidiwa. Mashine inataka macho, vidole na kumbukumbu. Tawi liko mbali. Fomu inataka saini. Na simu inataka kusoma. Mtu aliyekosa hivyo vyote na ana njaa atamkabidhi kadi yeyote aliye karibu.

Katika huduma za fedha kuna vitu viwili: chombo na siri. Chombo ni kadi, kitabu cha akaunti au simu. Siri ni namba inayofungua chombo hicho. Usalama wote umejengwa juu ya dhana kwamba vitu hivyo viwili viko kwa mtu mmoja tu, naye ni mwenye fedha. Siku vyote viwili vinapoingia katika mkono wa msaidizi, msaidizi huyo, awe mwema au mwovu, amekuwa ndiye mwenye akaunti. Na benki haina namna ya kumtofautisha na mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni inayopaswa kushikwa na kila mmoja ni moja: msaidizi anaweza kushika chombo au kushuhudia siri ikitumika, lakini asimiliki vyote viwili. Na ili kanuni hiyo itekelezeke, ni lazima pawepo njia halali ya kusaidiwa. Kumkataza mzee kutoa namba ya siri bila ya kumpa njia hiyo ni kumwambia akae na njaa yake.

WAJIBU WA MABENKI

Benki Kuu ilitoa Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha mwaka 2019. Kanuni hizo zinadai uwazi wa gharama, kutendewa mteja kwa haki, kulindwa kwa taarifa zake na kuwepo utaratibu wa kupokea malalamiko. Kwa mteja mnyonge, maneno hayo yanapaswa kuonekana katika mambo ya kawaida yafuatayo.

Kwanza, benki imweleze mteja, kwa Kiswahili na kwa mdomo, kwamba yapo maelekezo ya maandishi ambayo kwayo anaweza kumruhusu mtu mmoja kutoa kiasi maalumu kwa kipindi maalumu, bila ya kumpa kadi wala namba ya siri. Hati ya uwakili yenye mipaka, au barua ya idhini iliyowekwa dole gumba mbele ya shahidi asiye mnufaika, ni kinga bora kuliko kadi iliyofungwa katika kitambaa pamoja na karatasi ya namba.

Pili, mteja asiyeona vizuri au asiyejua kusoma asomewe kila karatasi kabla ya kuweka dole gumba, na anayemsomea asiwe yule aliyemleta. Pale anapokuja na msaidizi, mtumishi wa benki ana haki na wajibu wa kuomba kuzungumza na mwenye akaunti peke yake kwa dakika chache. Swali moja linatosha: fedha hizi zinakwenda kufanya kazi gani, na ni nani aliyekushauri? Aliyelazimishwa mara nyingi hulijibu swali hilo kwa uso wake kabla ya mdomo.

Tatu, mteja apewe nafasi ya kuweka kiwango cha juu cha kutoa kwa siku, na ujumbe wa taarifa upelekwe pia kwa mtu wa pili anayemchagua mwenyewe, ambaye hana ruhusa ya kutoa chochote. Msaidizi anayejua kwamba dada yake mwenye akaunti, aliyeko Tanga au Unguja, anaona kila fedha inayotoka, atafikiri mara mbili.

Nne, benki zijifunze kutokana na nchi nyingine. Mwezi Novemba 2017 Benki Kuu ya India iliyaagiza mabenki kuwapelekea huduma za msingi majumbani wateja waliozidi miaka 70 na wenye ulemavu. Nchini Uingereza, kuanzia jijini London mwaka 2016, uliwekwa utaratibu ambao mtumishi wa benki anayemwona mteja akitoa fedha nyingi kwa namna isiyo ya kawaida, na mwenye dalili za kutishwa, huweza kuwaita polisi papo hapo. Si lazima Msata au Mkoani zipate kila kilichopo London. Lakini wakala wa benki aliyepo njia panda, akifunzwa na benki yake kuzijua dalili na kupewa namba ya kupiga, anaweza kuwa jicho la kwanza.

Yako mazingatio ya upande wa pili. Ulinzi usigeuke kifungo. Benki inayokataa kumfungulia mtu akaunti kwa kuwa haoni, au inayomtaka mzee mwenye akili timamu alete mtoto wake ndipo ahudumiwe, nayo inamdhulumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza katika kifungu chake cha 12 kwamba watu hao wana haki sawa ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia mambo yao ya fedha na kupata mikopo ya benki. Mzee akiamua kwa hiari yake kumpa mjukuu nusu ya pencheni, huo ni uamuzi wake. Kazi ya benki ni kuhakikisha kwamba hiari hiyo ni ya kweli.

WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Sheha katika shehia yake, na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji huko Bara, ndio wanaomjua mzee kabla ya benki kumjua. Barua ya utambulisho wanayoiandika hufungua akaunti, husajili msaidizi na wakati mwingine huhalalisha uuzaji wa shamba. Kwa sababu hiyo barua hiyo isitolewe kwa mazoea. Anayeomba barua kwa niaba ya mzee aulizwe mzee yuko wapi, na ikiwezekana mzee atembelewe nyumbani kwake kabla ya muhuri kugongwa.

Maofisa ustawi wa jamii na wale wanaosimamia daftari la pencheni wanashauriwa kuangalia dalili chache. Mzee anayelipwa kila mwezi lakini hana chakula. Laini ya simu ya malipo ambayo haipo nyumbani kwake. Mtu mmoja anayeonekana kwenye uhakiki akiwa na kadi za wazee kadhaa wasio ndugu zake. Mlipwaji ambaye kila anapoulizwa swali, mwingine ndiye anayejibu. Dalili hizi si ushahidi wa kosa, ila ni sababu ya kutosha ya kufunga safari na kwenda kuuliza.

Watumishi wa umma wanakumbushwa pia kwamba wao wenyewe ni miongoni mwa wanaoumizwa. Mtumishi aliyeacha kadi ya mshahara kwa mkopeshaji anaanza kustaafu akiwa tayari amezoea kuishi bila ya kadi yake, na mkopeshaji hupenda kuendelea naye hadi kwenye pencheni. Ofisi zinazoandaa wastaafu watarajiwa zina wajibu wa kulizungumza jambo hili miaka kadhaa kabla, siyo siku ya kukabidhi zawadi ya kuagana.

Kuhusu mirathi, wajane na mayatima ni wateja wanyonge kama walivyo wazee. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni mtunzaji wa mali, si mrithi wa mali yote, na anawajibika kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya namna alivyoigawa. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na Tanzania Bara uko Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mjane anayeambiwa na shemeji kwamba fedha za marehemu benki zimekwisha ana haki ya kuomba kuonyeshwa hesabu hizo mahakamani.

WAJIBU WA JAMAA NA WANANCHI

Katika nyumba nyingi wasaidizi ni waaminifu. Wapo mabinti walioacha kazi mjini ili kuwauguza wazazi, na wapo majirani wanaobeba risiti kila mwezi kama wabebavyo amana ya msikiti. Kwa hao, utaratibu wa uwazi ni heshima na kinga. Msaidizi anayeleta risiti, anayehesabu fedha mbele ya mtu wa tatu na kuandika katika daftari dogo kilichotoka na kilichonunuliwa, hawezi kusingiziwa siku ndugu wengine watakapofika kutoka mbali wakiuliza maswali. Kwa hiyo anayesaidia kwa nia njema ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kudai risiti.

Wananchi wanatakiwa kuyashika mambo yafuatayo. Namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki, kwa kuwa benki haina haja ya kuiuliza. Laini inayopokea malipo isajiliwe kwa jina la mlipwaji mwenyewe. Na kila mwenye simu anaweza kubonyeza *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mkopeshaji aulizwe leseni kabla ya kuulizwa riba, na yeyote anayetaka kadi iwe rehani aachwe. Biashara inayoahidi faida kubwa kwa kuleta watu wengine iepukwe, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara imeiharamisha waziwazi.

Pale fedha zinapopotea, muda ni mali. Kadi au laini ifungwe siku hiyo hiyo kwa kupiga simu benki au kwa kampuni husika, kisha malalamiko yaandikwe katika tawi na nakala yenye muhuri ihifadhiwe. Benki isipotoa jibu la kuridhisha, mteja anaweza kupeleka shauri lake Benki Kuu ya Tanzania, yenye ofisi Zanzibar na katika miji kadhaa ya Bara. Ikiwa benki au taasisi yenye leseni itafilisika, Bodi ya Bima ya Amana huwalipa wenye amana hadi kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka shilingi milioni 1.5 hadi milioni 7.5. Kinga hiyo haipo kwa aliyeweka fedha zake kwa mtu asiye na leseni.

Linalobaki ni lile gumu kuliko yote, nalo ni haya. Wazee wengi hawasemi. Kumshitaki mwana ni kujishitaki mwenyewe mbele ya mtaa, na wengi huona bora kulala na njaa kuliko kumwona mtoto wao akichukuliwa na polisi. Lakini mficha uchi hazai. Si kila kisa kinalazimika kuanzia polisi. Mzee anaweza kwenda benki na kubadilisha namba ya siri bila ya kumtaja mtu. Anaweza kumwomba imamu, padri, sheha au ofisa ustawi amwite kijana na kuzungumza naye. Anaweza kubadilisha msaidizi na kuacha mambo yapoe. Mlango wa sheria uko wazi kwa anayeuhitaji. Ila si mlango pekee, na mzee akilijua hilo atathubutu kusema mapema, kabla akaunti haijakauka.

Ndugu Watumishi na Wananchi, shilingi 50,000 kwa mwezi si fedha nyingi kwa mwenye duka. Kwa bibi wa kitongojini ni unga, sukari, mafuta ya taa na nauli ya kwenda hospitali. Na zaidi ya hayo, ni uwezo wa kumpa mjukuu fedha ya daftari kwa mkono wake mwenyewe. Anayeziiba huondoka na chakula pamoja na heshima hiyo. Kila benki, kila ofisi ya sheha na kila nyumba yenye mzee inaombwa, kabla ya malipo ya mwezi ujao, kuuliza maswali mawili: kadi iko kwa nani, na namba ya siri inajulikana na nani? Jibu likiwa ni mtu mmoja asiye mwenye fedha, hatua ichukuliwe mwezi huo huo.